Jamii inatusukuma, au tunajiendea wenyewe?

Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, kaskazini-magharibi mwa Kilwa, watu waliingia kwenye shamba la pamba lililolimwa kwa amri ya serikali ya Kijerumani wakang'oa miche. Masimulizi ya wazee yaliyokusanywa miaka ya 1960 yanataja hata majina ya walioanza: Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela. Ilikuwa miche michache tu. Ngoma ikapigwa, na kufika mwisho wa Agosti boma la Mahenge, mbali huko bara, lilikuwa likishambuliwa na maelfu ya watu. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimeshika sehemu kubwa ya kusini.

Ukimuuliza mtu kwa nini miche ile iling'olewa, atakupa moja kati ya majibu mawili. Ama walichoshwa: kodi, viboko, kazi ya lazima, na yeyote aliyewekwa mahali pao angefika hapohapo. Ama walikuwa mashujaa: waliona, wakapima, wakaamua. Majibu haya tunayatumia kila siku bila kuona kwamba yanagongana. Kijana akikamatwa kwa wizi, mama yake atasema ni mazingira na marafiki wabaya. Jirani aliyeibiwa atauliza mbona wengine wamekulia uchochoro uleule na hawaibi. Mtu akifanikiwa ndio kabisa. Mwenyewe atasema ni jitihada zangu, na kaka yake aliyemlipia ada atakaa kimya akimtazama.

Wanaosoma jamii kwa taaluma, yaani wanahistoria, wanasosholojia, wachumi na wenzao, wamekuwa wakivutana juu ya jambo hili kwa karibu karne mbili. Kambi moja inashikilia kwamba matendo ya binadamu yameshaamuliwa na mambo yaliyomtangulia: tabaka alimozaliwa, uchumi, mila, dini, hata mvua na udongo. Huo ndio unaoitwa udeterministi. Kambi ya pili inasema mtu hubaki na uwezo wa kuchagua, na anayeandika habari za jamii bila kuuhesabu uwezo huo anaandika habari za mawe. Mimi naona sehemu kubwa ya mvutano inatokana na kuchanganya madai matatu yasiyofanana: kwamba kitendo kina sababu, kwamba kitendo kinaweza kutabiriwa, na kwamba kitendo kisingeweza kuwa vingine. Mtu anathibitisha dai la kwanza, kisha anadai malipo ya la tatu.

Wasomaji wa pwani watakumbuka kwamba wanachuoni wa Kiislamu walishabishana zamani juu ya kadari na hiari: Jabriya waliosema mja hana lake, Kadariya waliosema analo, na Waashari waliopita katikati kwa kusema Mungu huumba kitendo na mja hukichuma. Ubishi ule una uzito wake, lakini si huu. Kule anayepanga yupo, ni mmoja, na anajua anachokipanga. Jamii haina kichwa. Hakuna mahali inapokaa ikaamua kwamba fulani aibe na fulani asome, na hata hivyo wezi na wasomi wanatoka kwa mpangilio unaoweza kuchorwa kwenye karatasi. Hilo ndilo la kustaajabisha, na mmoja wa watu wa kwanza kulistaajabia hadharani alikuwa Mbelgiji aliyezoea kutazama nyota.

Hesabu za Quetelet

Adolphe Quetelet alikuwa mwanahisabati na mtaalamu wa nyota huko Brussels. Kuanzia 1827 serikali ya Ufaransa ilichapisha takwimu za makosa ya jinai kila mwaka, naye akazisoma kwa jicho la mtu anayetafuta mwendo wa sayari. Mwaka 1826 mauaji yaliyoorodheshwa yalikuwa 241. Mwaka uliofuata 234, kisha 227, kisha 231. Hata silaha zilifuata utaratibu: waliouawa kwa bunduki na bastola walikuwa 56, halafu 64, 60, 61. Hebu fikiria. Mauaji, kitendo ambacho mara nyingi hutoka katika hasira ya dakika moja, ulevi, wivu au ugomvi wa mpaka wa shamba, yanajirudia kama mtu anayelipa kodi ya nyumba.

Na picha hiyo ya kulipa ni yake mwenyewe. Katika kitabu alichotoa 1835 aliandika kwamba ipo bajeti ambayo jamii huilipa kwa utaratibu wa kutisha kuliko nyingine yoyote, bajeti ya magereza na ya jukwaa la kunyongea. Akaenda mbele zaidi: jamii ndiyo huandaa kosa, mkosaji ni chombo tu cha kulitekelezea. Mwingereza Henry Thomas Buckle, 1857, akaliendeleza wazo hilo mpaka kwenye ndoa, akionyesha kwamba idadi ya wanaooana inapanda na kushuka na bei ya nafaka, na mpaka kwenye barua: kila mwaka idadi ya watu wanaosahau kuandika anwani kwenye bahasha ni karibu ileile. Hata kusahau, basi, kuna kanuni.

Wasomaji wengi waliingiwa na hofu, wengine wakafurahi. Kama idadi ya wauaji wa mwakani inajulikana leo, je, hao watakaoua wana hiari gani?

Jibu ni kwamba takwimu haimshiki mtu mkono. Idadi inatokana na matendo, matendo hayatokani na idadi. Konda wa daladala inayotoka Mbagala kwenda Kariakoo anajua kwamba Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi gari litajaa hadi watu waning'inie mlangoni. Hajui ni nani watakaopanda. Yupo fundi cherehani aliyepanga kuwahi na akalala. Yupo mwanafunzi aliyepanda gari la mbele. Yupo mama aliyeghairi safari kwa sababu mtoto aliamka na homa. Kila mmoja ana sababu zake na kila mmoja angeweza kufanya vingine, na gari limejaa vilevile. Utabiri wa konda ni wa kweli, na haumpunguzii abiria hata mmoja hiari yake. Alichokuwa nacho Quetelet ni utabiri wa aina hiyo.

Jedwali lake lenyewe lina jambo ambalo wengi waliomnukuu walilipita haraka. Julai 1830 Paris ilipinduka, mfalme akakimbia. Mwaka huo mauaji yalikuwa 205. Mwaka uliofuata, 1831, yakapanda hadi 266, na yale ya bunduki na bastola yakaruka hadi 88. Ule utaratibu wa kutisha ulikuwa picha ya nchi iliyotulia kwa miaka minne. Hali zilipobadilika, na zilibadilika kwa sababu watu waliingia barabarani kuzibadilisha, namba nazo zikahama. Quetelet hakuwa mjinga, alikiri kwamba sababu zikibadilika matokeo hubadilika. Lakini jina la "fizikia ya jamii" alilolitumia liliwafanya waliomfuata waone sheria za chuma mahali palipokuwa na mazoea.

Émile Durkheim, aliyeisimamisha sosholojia ya Ufaransa kama taaluma, ndiye hutajwa sana kama baba wa wanaosema jamii inatuendesha. Katika utafiti wake wa 1897 kuhusu watu wanaojiua alionyesha kwamba viwango vinatofautiana kati ya Waprotestanti na Wakatoliki, kati ya waliooa na wasiooa, kati ya wakati wa amani na wakati wa vita, na tofauti hizo zinadumu miaka nenda rudi. Kisichosemwa sana ni kwamba yeye mwenyewe aliweka maelezo pembeni kwamba nadharia yake inaiachia hiari ya mtu nafasi kubwa kuliko nadharia za wapinzani wake: nguvu ya jamii inaeleza kiasi, haisemi ni nani. Aliyeitwa mdeterministi mkuu alikuwa mwangalifu kuliko wengi wa wanafunzi wake.

Sababu nzito, njia nyingi

Sasa dai la tatu, kwamba kisingeweza kuwa vingine. Hapa hakuna namna nzuri ya kulipima kuliko kutafuta watu waliokuwa na sababu zinazofanana, ukatazama kama walifanya yaleyale. Vita vya Maji Maji vinatupa nafasi hiyo kuliko tukio lolote ninalolijua katika historia yetu.

Sababu zilikuwepo na zilikuwa nzito. Kodi ya nyumba ilikuwa imeingia 1898. Mwaka 1902 gavana von Götzen alianzisha mashamba ya pamba ya pamoja, kwanza maeneo ya Dar es Salaam kisha kuelekea kusini. Kila jumbe alitakiwa kuwa na shamba, na watu wake kulilima kwa siku walizopangiwa, chini ya macho ya akida na kiboko chake. Malipo yalikuwa madogo kiasi kwamba wapo waliokataa kuyapokea. Kibaya zaidi, pamba ilidai mikono wakati uleule ambao mtama na mpunga wa mtu mwenyewe ulikuwa ukiidai. Vita vililipuka katika eneo la pamba na katika msimu wa kuvuna pamba. Anayesema pamba haikuhusika atakuwa na kazi ngumu.

Ila sogea kusini-magharibi kidogo. Ungoni hakukuwa na mashamba ya pamba ya pamoja, na Wangoni waliingia vitani kwa nguvu zote. Wao walikuwa na yao: kodi, ndiyo, lakini pia wakuu walionyang'anywa mamlaka na mateka, na wamisionari wa Peramiho, ambapo padri mmoja alikichoma moto kibanda cha mahoka, yaani mizimu ya mababu, cha Nkosi (mkuu) Mputa. Sababu tofauti, kitendo kilekile.

Kisha nenda Uhehe. Wahehe waliwapiga Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, wakaona ngome yao ya Kalenga ikianguka 1894, wakapigana msituni mpaka Mkwawa alipokufa 1898. Kama kuumizwa na Wajerumani ndiko kulikomfanya mtu apigane, Wahehe ndio wangekuwa wa kwanza. Mwaka 1905 wengi wao walisimama upande wa Wajerumani. Uchungu uleule uliomsukuma Mmatumbi mbele ulimfundisha Mhehe kukaa nyuma, kwa sababu yeye alikuwa ameshaijua bei yake. Na tena baadhi ya waliokuwa wakiinuka walikuwa majirani ambao Wahehe walikuwa na visa nao vya zamani.

Wabena ndio wanaonivutia zaidi. Mbeyela wa Njombe aliingia vitani, watu wake wakaishambulia misheni ya Yakobi. Kiwanga, Mbena wa bonde la Kilombero, akaungana na Wajerumani. Watu wa asili moja, mwaka mmoja, adui mmoja, maamuzi mawili yanayotazamana. Ukitaka kuieleza tofauti hiyo huna budi kumtazama Kiwanga kama mtu mwenye hesabu zake: nani alimsaidia juzi, nani anamtishia leo, kipi atakipata Wajerumani wakishinda na kipi atakikosa wakishindwa. Sababu bado zipo. Haziji tena kama upepo unaopeperusha makapi, zinapita ndani ya kichwa cha mtu na huko zinapimwa.

Hata saa ya kuanza ilichaguliwa. Tangu 1904 Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa akipokea wageni kutoka kila upande, waliokuja kuchukua dawa ya maji itakayozigeuza risasi kuwa maji. Habari zilisambaa kwa minong'ono, mtu kwa mtu, kwa mpango walioujua kwa jina la njwiywila. Kwa mujibu wa masimulizi, Kinjikitile aliwaambia watu wasubiri. Wamatumbi walichoka kusubiri. Waliing'oa pamba wakijua kwamba akida atapeleka taarifa na askari watakuja, yaani waliita vita makusudi. Kinjikitile mwenyewe alikamatwa na kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita havijafikisha hata wiki mbili. Mtu aliyeviandaa hakuvianzisha, wala kifo chake hakikuvizima.

Jambo moja zaidi kabla hatujamwacha. Ni kosa kudhani uhuru wa Kinjikitile ulikuwa uhuru wa kubuni kutoka hewani. Dawa za maji zilikuwa zikijulikana, mizimu ya Rufiji ilikuwa ikitembelewa kwa ajili ya mvua na mavuno muda mrefu kabla Mjerumani hajafika, na pepo Hongo aliyesemekana kumpanda alikuwa na jina linaloeleweka. Alichukua vitu ambavyo kila mtu alikuwa akivijua akavifanyia kazi ambayo hakuna aliyewahi kuvifanyia: kuunganisha makabila ambayo hayakuwahi kuwa na mkuu mmoja. Mila ambazo mwandishi mwingine angezihesabu kama vizuizi ndizo zilizomwezesha. Karl Marx, ambaye wafuasi wake wengi walikuja kuwa wadeterministi kuliko yeye, aliliweka vizuri 1852: wanadamu hutengeneza historia yao wenyewe, lakini hawaitengenezi kama wapendavyo wala katika hali walizojichagulia, bali katika hali walizozikuta, zilizorithiwa kutoka kwa waliopita. Watu wengi hunukuu nusu ya pili. Wangoni na Wahehe wanatukumbusha nusu ya kwanza.

Kila maelezo yana mwenyewe

Mjadala huu haujawahi kuwa wa darasani tu. Aliyeshika madaraka huchagua ni lini watu wako huru na ni lini hawako huru, na mara nyingi huchagua kwa faida yake.

Von Götzen alipotakiwa kueleza kilichotokea, alisisitiza waganga: njama za wachawi zilizowapotosha watu wasiojua. Maelezo hayo yalikuwa na manufaa kwake, kwani kama watu walirogwa basi pamba haina kesi, na aliyeianzisha pia. Lakini tarehe 27 Februari 1906 viongozi wa Wangoni walinyongwa Songea kwa hukumu ya kuasi, na kuasi ni kosa la mtu anayejua anachokifanya. Kwenye ripoti walikuwa mazuzu waliopumbazwa. Kwenye kitanzi wakawa watu wazima wenye hiari kamili. Serikali ilihitaji vyote viwili, ikavitumia vyote viwili. Vita na njaa iliyofuata vilikula watu 75,000 kwa makadirio ya Wajerumani wenyewe, na kati ya 250,000 na 300,000 kwa makadirio ya baadaye.

Nusu karne baadaye, Desemba 1956, Julius Nyerere alisimama Umoja wa Mataifa akayakana maelezo ya wachawi. Watu walipigana, alisema, kwa sababu hawakuamini kwamba mzungu ana haki ya kumtawala mweusi. Hawakuinuka kwa hofu wala kwa kiapo cha ushirikina, waliitikia wito wa asili, wito wa roho ulio ndani ya mioyo ya watu wote, wasomi na wasiosoma, wa kukataa kutawaliwa na wageni. Kama hotuba ya kudai uhuru, siioni kasoro. Kama maelezo ya historia, tazama kilichotokea: hiari imerudi mlangoni na kutokea dirishani. Kama kukataa utawala wa wageni ni wito wa asili ulio ndani ya kila moyo, Mmatumbi hakuamua lolote, aliitikia tu. Na Kiwanga tunamweka wapi?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilirithi mvutano huo na kuunoa. Terence Ranger, profesa wa kwanza wa historia pale, alifundisha kwamba kazi ya mwanahistoria wa Afrika ni kurudisha nafasi ya Mwafrika kama mtendaji. Mwaka 1968 wanafunzi walitawanyika kusini wakati wa likizo kukusanya masimulizi ya Maji Maji, na leo kazi ile ni hazina. Muda si mrefu, wimbi jingine likapanda palepale mlimani. Walter Rodney, katika kitabu chake cha 1972 juu ya namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika, alihamisha macho kutoka kwa mashujaa kwenda kwenye mfumo: biashara ya watumwa, bei za mazao, mitaji inayoondoka. Wapo waliomlaumu kwamba katika kitabu chake Mwafrika anatendwa zaidi kuliko anavyotenda. Lawama hiyo ina chembe ya haki, lakini Rodney alikuwa ameona hatari hiyo mapema, akaandika tangu mwanzo kwamba maneno yake hayakusudii kuuondoa mzigo wa maendeleo mabegani mwa Waafrika wenyewe. Mtu anayeamini kila kitu kimeshaamuliwa haandiki kitabu cha kuwaamsha watu.

Watafiti wa karibuni, kwa mfano waliokusanywa katika kitabu cha James Giblin na Jamie Monson cha 2010, wamechoka na pande zote mbili. Wanaingia wilaya moja moja, na huko wanakuta mambo ya chini kabisa: marufuku ya kuwinda, nguruwe pori wanaomaliza mazao, misitu iliyofungwa, magomvi ya majumbe. Ukisogea karibu hivyo, swali la hiari au kulazimika linaanza kupoteza makali, na linakuja swali la manufaa zaidi: nani alikuwa na nafasi ya kufanya nini, na kwa gharama gani?

Mawingu hayasikilizi taarifa ya habari

Ipo tofauti moja kati ya jamii na mawingu ambayo hakuna takwimu itakayoifuta. Mtaalamu wa hali ya hewa akitangaza mvua kesho, mvua haijui imetangazwa. Watu wanajua.

Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, aliliandikia jambo hili 1948 kwa mfano wa benki: uvumi kwamba benki imefilisika unawaleta wateja wote kutoa fedha siku moja, na benki iliyokuwa nzima inafilisika kweli. Sisi tuna sukari. Mtu mmoja anasikia dukani kwamba sukari itaadimika kabla ya Ramadhani. Anayenunua kilo moja anachukua tano, mwenye duka naye anaweka magunia mawili nyuma ya pazia "ya wateja wangu", na ndani ya siku tatu rafu ni tupu. Uvumi umejithibitisha. Na kinyume chake hutokea pia: njaa ikitangazwa mapema, serikali ikaleta chakula, njaa haiji, na wapo watakaosema mtabiri alikosea. Mwanafalsafa Karl Popper aliuchukua ukweli wa namna hii kama moja ya silaha zake dhidi ya wale waliodai kuzijua sheria za mwendo wa historia. Mimi sidhani unaua udeterministi wote, maana mtu mkaidi atasema hata kuusikia uvumi ni sababu mojawapo. Sawa. Lakini unaua ndoto ya kuandika sheria za jamii kisha kuwapa watu wazisome na zibaki kweli.

Watawala wamekuwa wagumu kulielewa hili kuliko wanafalsafa. Oktoba 1968 Nyerere aliandika kwamba watu hawaendelezwi, hujiendeleza wenyewe, na kwamba huwezi kumlazimisha mtu kuishi ujamaa. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri. Katikati ya sentensi hizo mbili kuna miaka mitano ya kusubiri watu waamue wenyewe, na wengi wakawa hawajaamua. Operesheni Vijiji ilibeba ndani yake udeterministi usiotajwa jina: badilisha mahali mtu anapoishi, shule iwe karibu, kisima kiwe karibu, shamba la pamoja liwe mbele ya macho yake, na fikra zitafuata. Kufikia 1977 serikali ilihesabu watu wapatao milioni 13 vijijini. Watu walihama, fikra hazikufuata. Shule zilijengwa na watoto wakasoma, hilo ni la kusifiwa, lakini kwenye shamba la pamoja wengi walitoa kile kidogo kinachotosha kutokuwekwa kwenye orodha ya wakaidi, kisha wakaenda kwenye mahindi yao.

Goran Hyden aliyekuwa amefundisha Dar es Salaam alijenga juu ya hali hiyo hoja maarufu mwaka 1980: mkulima wa Tanzania hajakamatwa, wala na dola wala na soko, kwa sababu ana ardhi na jembe na ndugu, na akitaka anaweza kuwageuzia mgongo wote wawili. Waliompinga walimuuliza mkulima gani huyo. Mwenye kahawa Kilimanjaro, anayelipa ada na kununua bati kwa fedha ya kahawa, atageuza mgongo aende wapi? Nadhani wapinzani walishinda kwenye hoja ya jumla, lakini Hyden aliacha kipimo kizuri mezani bila kukitaja hivyo. Badala ya kuuliza kama mkulima ana hiari au hana, uliza kukataa kunamgharimu nini.

Chukua wawili wa miaka ileile ya katikati ya 1970. Mmoja ni mkulima wa pamba ambaye bei imeshuka. Anapunguza nusu ekari ya pamba anapanda mahindi, na hakuna anayekuja kumuuliza. Mwingine ni mwenye mikorosho wa kusini, wakati zao la korosho nchini limefika tani 145,000 kwa mwaka kabla halijaporomoka. Amehamishiwa kijijini mbali na miti yake, na sehemu nyingine nyumba za zamani zilichomwa ili watu wasirudi. Akitaka kuitunza mikorosho itambidi aache kazi za kijiji alfajiri na kurudi usiku. Akiiacha anaachana na fedha pekee aliyonayo kwa mwaka. Wote wawili wanachagua, na wote wawili wamebanwa. Lakini wa kwanza anaweza kusema hapana kwa bei ya nusu ekari ya pamba, na wa pili kwa bei ya karibu kila kitu. Tofauti hiyo inapimika kwa ekari, kwa saa za kutembea, kwa idadi ya mapaa yaliyoungua, na mtafiti anaweza kuianza kazi hiyo kesho asubuhi bila kusubiri wanafalsafa wamalize kesi yao.